Mwongozo kamili: Mwanamke kutoka kwenye ndoo za maji mpaka kushika mwiko kwenye mjengo

Shida si kuingia saiti. Hapa Malindi ukiamka mapema ukaenda Muyeye ama Kijiwetanga pale nyumba zinapandishwa, kazi ya kubeba maji na kuchota mchanga haikosekani, wanawake wengi washapita hapo. Shida ni kuwa wanabaki hapo hapo. Nyumba ikiisha wanahamia nyingine na ndoo ile ile, mwisho mgongo unaanza kuuma, mtu anarudi kukaanga viazi karai nje ya nyumba, halafu msimamizi anasema si mwaona, mjengo wanawake hawauwezi.

Kwa hivyo hapa siongelei kupata kibarua, naongelea kutoka kwenye ndoo. Nimemuandikia dada anayetaka ufundi, lakini mwishoni kuna sehemu ya kontrakta na msimamizi, manake wao wasiposonga kidogo idadi haiongezeki hata mkiamka saa kumi za usiku.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho na nakala zake. Angalia jina limeandikwaje, herufi kwa herufi, hiyo itakusaidia kwenye hatua ya sita.
- Gambuti za saizi yako kabisa. Gambuti kubwa ya kuazima kwa kaka ndio inayokuangusha kwenye ngazi.
- Glavu za mpira, sio za kitambaa. Za kitambaa zinanyonya maji ya simiti halafu zinayashikilia kwenye ngozi siku nzima.
- Suruali ngumu na juu yake shati refu ama kanzu fupi ya magotini. Mtandio ufungwe ncha zote ziingie ndani. Dera, buibui na leso inayoning'inia viache nyumbani, si mambo ya kuonekana wa kisasa, nguo pana inashikwa na mashine ya kukorogea na pia haikuonyeshi unapokanyaga ukiwa juu ya jukwaa.
- Mwiko wako mwenyewe, floti ya mbao, timazi, pima maji na tepu. Si lazima ununue vyote siku moja. Mwiko ndio wa kwanza.
- Daftari dogo na kalamu.
- Mtu wa kubaki na mtoto, na mtu wa pili wa akiba. Nimeona wanawake wenye mkono mzuri kabisa wakipoteza nafasi kwa sababu bibi aliyekuwa anashika mtoto alisafiri kwenda matangani Ganda na hakukuwa na mwingine.

Helmeti sijaiweka makusudi. Vifaa vya kujikinga ni mzigo wa mwajiri, sheria ya Kenya ya usalama kazini ya 2007 inamtaka akupe bila kukutoza. Gambuti na glavu nimekuambia uende nazo kwa sababu ukisubiri wewe ndio utaungua na simiti.

## Hatua ya 1: Chagua kazi moja, sio "kazi yoyote"

Ukiulizwa unatafuta nini ukajibu "kazi yoyote tu", utapewa ndoo, na mpaji hana kosa. Chagua moja: plasta, tailisi, rangi, kufunga vyuma, umeme, mabomba ya maji.

Ushauri wangu kwa mtu wa Malindi ni aanzie kwenye finishi, yaani plasta, tailisi ama rangi. Sababu ni bahari. Hewa ya chumvi inakula kuta na vyuma, kwa hivyo nyumba za Casuarina na hoteli za huku mpaka Watamu zinataka marekebisho kila wakati, huhitaji kusubiri mtu aanze jengo jipya. Tena hoteli nyingi hufunga ama kupunguza kazi wakati wa masika, Aprili mpaka Juni hivi wageni wakiwa hakuna, na hapo ndipo rangi, plasta na makuti vinafanywa kwa haraka haraka. Wenzako wakilia hakuna kazi hotelini, wewe msimu wako ndio unafunguka. Anza kuulizia mwezi wa tatu, ukingoja mwezi wa tano mafundi washapanga watu wao.

Na hapo kwenye makuti kuna jambo linaniudhi. Mwanamke ndiye anayeshona makuti, anakaa chini siku nzima na vidole vinachanika, analipwa kwa idadi ya vipande, kisha anakuja mwanamume anapanda juu kuyafunga na pesa yenyewe iko kule juu. Kama tayari unashona, kujifunza kuezeka ni njia fupi kuliko zote nilizozitaja, lakini usipande bila mshipi wa usalama na mtu anayejua.

Utajua hatua hii umeimaliza ukiweza kusema kwa sentensi moja: mimi natafuta kujifunza plasta.

## Hatua ya 2: Fanya mazoezi kwenye ukuta usio na mwenyewe

Hii ndio hatua watu wanairuka, na ndio inayowarudisha kwenye ndoo. Hakuna fundi atakayekupa mwiko ukajifunzie kwenye ukuta wa mteja na simiti ya mteja. Lazima ufike ukiwa mkono wako washaijua ile kazi japo kidogo.

Tafuta ukuta wa nyuma, wa choo cha nje ama wa jirani aliyeacha nyumba njiani, muombe ruhusa. Usitumie simiti. Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu. Chokaa ya mazoezi haigandi haraka, unapiga, unakwangua, unatia maji kidogo, unapiga tena, mchanganyiko ule ule wiki nzima. Linda macho yako tu, chokaa ikiingia inachoma, weka maji safi karibu.

Fanya hivi:

Mwagia ukuta maji jioni, na asubuhi tena kabla ya kuanza. Mawe yetu ya matumbawe yana kiu sana, ukipiga juu ya jiwe kavu linanyonya maji yote na plasta inaanguka ama inatoa nyufa.

Weka vidoto vya mchanganyiko kwenye ukuta, juu na chini, vipime na timazi viwe sawa, hivyo ndio vitakavyokuongoza. Unene ni milimita 12 mpaka 15. Ukijaza milimita 30 kwa mkupuo mmoja itashuka yote kama uji.

Rusha, usipake. Mkono wa mtu mpya unapaka mchanganyiko kama siagi kwa mkate, unashika juu juu tu. Kurusha kunatoka kwenye kifundo cha mkono, sio begani, na hapa ndipo ile hadithi ya "wanawake hawana nguvu" inapoishia, fundi anayetumia bega anachoka kabla ya saa sita.

Vuta kwa ubao ulionyooka kutoka chini kwenda juu ukiuyumbisha kidogo kidogo kulia na kushoto. Subiri. Gusa kwa kidole, ikiacha alama lakini kidole hakilowi, ingia na floti kwa kuzungusha.

Umefaulu lini? Chukua ubao wa mita 2 ulionyooka, uweke ukutani wima, mlalo na mshazari, uwazi mkubwa kati ya ubao na ukuta usizidi milimita 3 hivi. Ukipata hivyo mita moja ya mraba, kisha mbili, kisha ukuta mzima, piga picha na ubao ukiwa pale pale. Picha hiyo ndio barua yako ya kuombea kazi.

## Hatua ya 3: Usitafute saiti, tafuta fundi

Wengi wanakwenda kwa kontrakta ama kwa mwenye nyumba. Kontrakta hakufundishi kitu. Mtu wa mkono, yaani msaidizi wa fundi, huwa ni wa fundi fulani, na fundi huyo ndiye anayemuita kesho na ndiye anayeamua nani ashike mwiko. Kwa hivyo uliza mtaani plasta ya nyumba ile ilipigwa na nani, mfuate huyo.

Nenda saa kumi na mbili na nusu kabla hajachafuka. Msalimie vizuri, kisha sema moja kwa moja:

"Shikamoo fundi. Natafuta kazi ya mkono, lakini nataka iwe kwako kwa sababu nataka plasta. Ntakuchanganyia na ntakuletea kama mwingine yeyote, jioni nusu saa ya mwisho unipe mwiko mahali pasipoonekana. Picha za kazi yangu ni hizi."

Atacheka labda. Atauliza mumeo anajua? Utaweza? Usianze kutoa hotuba ya haki za wanawake, mwambie "nijaribu wiki moja, ukiona sifai niache." Wengi wa kukataa wanakataa kwa sababu ya kuogopa maneno ya watu, sio kwa sababu ya kazi, na ukienda mkiwa wawili hiyo hofu inapungua sana kwa pande zote. Nakazania hapo: nendeni wawili. Mwanamke mmoja saitini ni kituko cha kutazamwa, wakiwa wawili basi ni wafanyikazi.

Fundi anayelipwa kwa mita hana muda wa kufundisha, kila dakika yake ni pesa. Kwake usiombe kufundishwa, mpe muda: muwekee vidoto tayari, muoshee vifaa, mwagilia maji plasta ya jana. Akishazoea kuwa kazi inakimbia ukiwepo, atakupa kona na pembe za dirisha mwenyewe, kazi anayoichukia.

TAHADHARI. Yule anayesema atakufundisha lakini jioni kwake, ama kwenye nyumba ambayo watu wameshaondoka, huyo si mwalimu. Sheria ya ajira ya 2007 inaharamisha kumtaka mfanyikazi kimapenzi kama sharti la kazi, na mwajiri mwenye wafanyikazi 20 ama zaidi anatakiwa awe na maandishi ya kueleza mtu alalamike wapi. Likikufika, andika tarehe na aliyekuwepo, nenda ofisi ya leba ama dawati la jinsia polisi, na namba 1195 ni ya bure.

## Hatua ya 4: Makubaliano ya siku ya kwanza

Uliza mambo manne kabla hujashika koleo. Nalipwa kwa siku au kwa wiki? Kiasi gani? Choo kiko wapi? Nikiumia nani ananipeleka hospitali?

La pesa: kazi sawa malipo sawa, hiyo ni sheria ile ile ya 2007. Kama mtu wa mkono mwanamume analipwa kiasi fulani na wewe unachanganya na kubeba sawa naye, usikubali ile ya "wewe ni mama, nakuondolea mia." Ukikubali wiki ya kwanza, hiyo mia hairudi.

La choo watu wanaona haya kuliuliza na ndilo linalowaondoa wengi kimya kimya. Mwanamke anaacha kunywa maji asubuhi ili asijisumbue, saa saba kwenye jua la Malindi kichwa kinazunguka, kesho haji. Kisha wanasema alishindwa na kazi. Kama hakuna choo, panga na nyumba ya jirani siku hiyo hiyo, umwambie msimamizi mbele ya fundi kwamba mtakuwa mnaenda pale.

La kuumia: sheria ya fidia kwa wafanyikazi, WIBA ya 2007, inamtaka mwajiri awe na bima. Saiti ndogo nyingi hazina. Angalau ujue mapema.

Kila Jumamosi andika kwenye daftari: tarehe, kazi gani, walisema watalipa ngapi, wamelipa ngapi. Ukifanya kazi mfululizo kwa mwajiri mmoja mwezi mzima ama zaidi, sheria haikuhesabu tena kama kibarua wa kutwa, na daftari hilo ndilo ushahidi wako.

## Hatua ya 5: Miezi ya kwanza, linda mwili na uombe mwiko

Mfuko wa simiti ni kilo 50. Usiubebe kichwani kuonyesha watu kitu, hakuna anayetoa zawadi. Tumia wilibaro, ama muwe wawili. Wanaume wanaoubeba peke yao pia migongo yao ina mwisho, waulize wazee.

Simiti mbichi inaunguza, tena inaunguza polepole bila maumivu, unakuja kujua usiku. Ikiingia ndani ya gambuti vua hapo hapo, osha kwa maji mengi, usiseme ntaosha jioni.

Jifunze vipimo usiwe wa kuambiwa tu lete. Kwa plasta ya moja kwa nne, mfuko mmoja wa simiti unaenda na wilibaro mbili za mchanga za kawaida, karibu hivyo. Koroga kiasi mtakachokimaliza ndani ya saa moja, kikianza kuganda usikubali kuongeza maji ati kilainike, hiyo plasta itakuwa unga. Na mchanga wa ufuoni kataa, hata kama uko bure na uko karibu, chumvi yake inatoa ukungu mweupe ukutani, inabambua rangi, na kwenye zege inaozesha chuma. Mtu wa mkono anayemzuia fundi asitumie mchanga mbaya, huyo haitwi tena "wewe mama wa maji."

Mwiko uombe mahali pa siri: ndani ya stoo, nyuma ya tanki, ukuta utakaofunikwa na kabati. Ukikosea hakuna wa kuona na fundi hana cha kupoteza. Ukimaliza, usingoje kusifiwa, weka ubao mwenyewe mbele yake, muonyeshe uwazi uko wapi kabla hajauona yeye. Mafundi wanapenda mtu anayejikagua. Kesho yake mwagilia ile plasta, na uendelee siku 7, hata kama mwenye nyumba analalamika maji.

Dalili ya kufaulu hapa iko wazi: asubuhi fundi anakwambia "wewe anza chumba kile", na anatafuta mtu mwingine wa kubeba maji. Hapo malipo yabadilike, fundi mara nyingi hulipwa kama maradufu ya mtu wa mkono. Akikuambia bado unajifunza na huku unamaliza chumba peke yako, pima mita zako, ziandike, muonyeshe. Akikataa bado, hama. Wengi wanabaki kwa heshima na heshima hiyo inamjengea yeye.

## Hatua ya 6: Tafuta karatasi

Ujuzi bila karatasi unakuishia mtaani. Mtihani wa ufundi wa serikali unasimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, unaanza Gredi ya III, kisha II, kisha I. Si lazima uwe umesoma chuo, aliyejifunza saitini pia anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kazi anayoijua. Uliza kwenye chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu, ama kituo cha NITA Mombasa. Ada na tarehe ziulize kwao wenyewe, usimpe pesa mtu wa kati.

Watu wanaanguka kwenye jambo la kijinga: kitambulisho kinasema Kadzo, fomu imeandikwa Kazo, cheti kinatoka hakina faida. Jaza fomu ukiwa umeweka kitambulisho mezani.

Baada ya hapo kuna NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo inawatambua mafundi na wasimamizi wa saiti, sio makontrakta peke yao. Saiti kubwa zinauliza hiyo kadi.

## Hatua ya 7: Unganeni mchukue lebo

Ukiwa na wenzako wa plasta, rangi na tailisi, acheni kungoja kuitwa mmoja mmoja. Mnaweza kuchukua kazi ya lebo, mteja analeta vifaa nyinyi mnaleta mikono. Pimeni kwa mita za mraba mbele ya mteja, andikeni bei kwa mita, chukueni malipo kwa awamu, sehemu ya kwanza kabla ya kukanyaga.

Kusajili kikundi cha kijamii, sheria ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Lakini kama mnataka tenda za serikali mtahitaji biashara iliyosajiliwa, PIN, cheti cha ushuru na, kwa kazi za ujenzi, usajili wa NCA. Kisha mnaomba cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa tenda zilizotengwa, na cheti hicho ni bure. Serikali inatakiwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kwa upande wa wanawake, angalau asilimia 70 ya umiliki uwe wenu na uongozi wote uwe wa wanawake.

TAHADHARI kubwa. Atakuja bwana mmoja na gari zuri, anataka majina yenu achukue tenda, nyinyi mtapewa "kitu kidogo". Majina yenu ndio yatakayodaiwa kazi ikiharibika na ushuru usipolipwa. Mkatae. Na pesa za serikali huchelewa, kwa hivyo msiache kazi za watu binafsi mkingoja malipo ya kaunti.

## Kwa kontrakta na msimamizi

Kama unasema nawatafuta wanawake siwapati, fanya haya kwanza.

Chukua wawili au zaidi kwa mpigo, uwaweke kwa fundi mmoja anayejiheshimu. Usimuweke mmoja peke yake halafu akiondoka useme ulijaribu.

Choo chenye kitasa cha ndani, na pa kubadilishia nguo. Mabati manne na pazia inatosha kwa saiti ndogo, lakini kitasa ni lazima.

Nunua glavu ndogo, na gambuti saizi 4 na 5, sio zote 9.

Waambie mafundi kabla hawajafika, mbele ya wote, kwamba mwenye maneno machafu anaenda nyumbani siku hiyo. Kisha mpeleke wa kwanza nyumbani kweli. Ukimsamehe wa kwanza, wewe ndiye utakayekuwa unatafuta wengine mwezi ujao.

Muda wa kufika na kutoka uujulishe mapema, mwenye mtoto anaweza kupanga saa moja mpaka saa kumi, hawezi kupanga "tutaona". Ramadhani anza mapema na umalize mapema, wanaume pia watakushukuru.

Na wekeni zamu ya mwiko kwenye ratiba, tuseme kila Ijumaa baada ya saa nane, kila mtu wa mkono, mwanamke na mwanamume, anapata ukuta wa kupiga chini ya macho ya fundi. Malipo yatumwe kwa M-Pesa ya mwenyewe aliyefanya kazi, sio ya mumewe wala ya fundi aliyemleta.